Baketi Ndogo na Mgongo wa Barabara: Kazi ya Kutandaza Changarawe Masanze

Changarawe iliyomwagwa na tipa bado si barabara. Ni rundo la kifusi ambalo mawe yake makubwa yameporomoka pembezoni, vumbi limebaki katikati, na gari haliwezi kulipita. Kinacholigeuza rundo hilo kuwa barabara, uwanja wa shule au njia ya kuingilia zahanati ni kazi inayofuata: kuisambaza changarawe kwa unene unaolingana, kuipa mgongo ili maji yateremke pembeni, kuilainisha na kuishindilia. Kwenye barabara ndefu kazi hiyo hufanywa na greda. Kwenye maeneo madogo, ambako greda halipati pa kugeukia au gharama ya kulisafirisha inazidi thamani ya kazi yenyewe, hufanywa na kijiko kidogo cha magurudumu manne chenye baketi mbele. Mafundi wengi wanakiita Bobcat, hata kikiwa kimetengenezwa na kampuni nyingine.

Kata ya Masanze iko wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, katika ukanda unaounganisha mji wa Kilosa na Mikumi. Upande wa magharibi wa ukanda huo kuna milima ya Rubeho, mashariki kuna tambarare ya Mkata. Maji ya mvua yanayoshuka milimani hupita hapa kabla ya kutulia bondeni, na ndiyo yanayoamua barabara ipi itavuka masika. Wilaya nzima inazijua nguvu za maji hayo: mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika mjini Kilosa, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi na kuikata reli ya kati. Njia ya kijijini inapokatika haitangazwi redioni, lakini hukatika kwa sababu ya aina hiyohiyo, kwa kipimo kidogo zaidi. Maji yamebaki juu yake badala ya kutoka. Anayelipa ni mkulima ambaye magunia yake ya mahindi na ufuta yanasubiri gari lisiloweza kufika, na mama mjamzito anayepakiwa kwenye bodaboda usiku kuelekea hospitali.

Udongo wa ukanda huu nao una tabia zake. Kwenye miinuko ni mwekundu na unashika vizuri. Ukiteremka kuelekea tambarare unakutana na udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Changarawe ikimwagwa moja kwa moja juu ya udongo huo ukiwa umelowa, huzama: mawe yanaingia chini, tope linapanda juu, na baada ya misimu michache fedha yote iko ardhini. Mahali pa namna hiyo, kabla ya kuita tipa, panahitaji tuta lililoinuliwa kwa udongo mzuri na mitaro iliyo wazi pande zote mbili. Hakuna ustadi wa baketi unaoweza kuziba pengo la hatua hiyo.

Kifusi chenyewe kinastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko inavyozoeleka. Moramu nzuri, yaani changarawe ya barabara, ina vitu vitatu vilivyochanganyika: mawe yanayobeba uzito, mchanga unaojaza nafasi kati ya mawe, na kiasi kidogo cha udongo mfinyanzi unaogandisha vyote. Udongo ukizidi, barabara inateleza mvua ikinyesha. Ukipungua, changarawe haishikani, magurudumu yanaitawanya, na uso wa barabara unatengeneza mawimbi kama bati. Watafiti wa Afrika Kusini waliliweka jambo hili katika namba mbili ambazo wahandisi wa kusini mwa Afrika wamezitumia kwa miaka mingi. Ya kwanza huzidisha kiwango ambacho udongo unasinyaa ukikauka kwa asilimia ya chembe zinazopita kwenye chujio la milimita 0.425, na jibu zuri liko kati ya 100 na 365. Ya pili hupima mgawanyo wa ukubwa wa chembe, na jibu zuri liko kati ya 16 na 34. Kigezo cha tatu ni rahisi zaidi: jiwe lisizidi milimita 37.5.

Kigezo hicho cha tatu kinamgusa opereta wa kijiko kidogo moja kwa moja. Jiwe kubwa kama ngumi likinaswa chini ya mdomo wa baketi huburutwa, na nyuma yake huacha mfereji ambao hauzibiki hata baketi ikipita mara ngapi. Njia pekee ni kuyaokota mawe hayo kwa mkono kabla ya kusawazisha, au kuyachambua machimboni. Vijana wanne wenye ndoo na reki wakitembea pembeni ya mashine huokoa muda mwingi kuliko wanaoutumia.

Kwa kukosa maabara, kijijini kuna kipimo cha mkono. Chembe nyembamba za moramu hulowanishwa kidogo na kufinyangwa kuwa donge, kisha donge huachwa likauke juani. Likivunjika lenyewe na kuwa unga, udongo wa kushikanisha hautoshi. Likikauka gumu bila kupasuka vibaya, kifusi kinafaa kufikiriwa. Likisinyaa na kujaa nyufa, ufinyanzi umezidi. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya maabara, lakini kinaweza kuzuia tripu nyingi za kifusi kibovu zisilipiwe. Kokoto safi za mashine ya kusaga mawe ni jambo lingine kabisa. Hazina udongo wa kuzishikanisha, na zikiwekwa barabarani peke yake zitakuwa mtaroni kabla ya mwaka kwisha. Zinafaa uani, chini ya matenki ya maji na mahali pasipopita magari ya kasi.

Kijiko kidogo chenyewe kilizaliwa mbali na barabara. Huko Rothsay, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mfugaji wa batamzinga alihitaji kitu cha kuzolea samadi ndani ya mabanda yenye nguzo nyingi, ambamo trekta halikuweza kugeuka. Ndugu wawili mafundi, Cyril na Louis Keller, walimtengenezea mashine ya magurudumu matatu mwaka 1957. Kampuni ya Melroe ya North Dakota iliichukua kazi yao, ikaionyesha kwenye maonyesho ya jimbo la Minnesota mwaka 1958, na mwaka 1960 ikatoa mashine ya magurudumu manne iliyoitwa M400. Jina la Bobcat lilifuata mwaka 1962.

Asili hiyo inaeleza uwezo wa mashine na udhaifu wake. Magurudumu yake hayakunji kona. Yale ya kushoto huendeshwa peke yake na ya kulia peke yake, na mashine hugeuka kwa upande mmoja kuzidi mwingine au kwa pande zote mbili kuzunguka kinyume. Inaweza kugeuka papo hapo ilipo, jambo ambalo bandani ni neema. Juu ya changarawe mpya ni balaa, kwa sababu kila inapogeuka hivyo matairi huburuzika kwa ubavu na kuchimba. Opereta anayejali kazi yake hugeukia nje ya tabaka jipya. Asipoweza, huchukua kona pana kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara kadhaa. Mtu akifika kwenye kazi iliyokwisha akakuta miduara imechimbika juu yake, ajue mashine iligeuziwa pale.

Udhaifu wa pili ni mfupi kuueleza lakini una uzito zaidi. Greda ni refu, na bamba lake liko katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Gurudumu la mbele likipanda kinundu cha sentimita 10, bamba hupanda sehemu tu ya kimo hicho, na hivyo kila linapopita kinundu hupungua. Kijiko kidogo ni kifupi, na baketi yake inaning'inia mbele ya magurudumu yote. Gurudumu la mbele likipanda, baketi hupanda zaidi ya gurudumu. Likishuka, baketi huchimba. Kosa dogo la chini hukua likifika juu. Ndiyo maana opereta mgeni huanza na uwanja wenye kinundu kimoja, na baada ya saa nzima ya kwenda mbele na kurudi ana uwanja wenye vinundu sita. Mashine haina hitilafu. Inafuata tu kilicho chini ya magurudumu yake, na dawa ni kuhakikisha kilicho chini kimenyooka kabla ya kuanza.

Hapo ndipo palipo na siri ya mgongo wa barabara. Barabara ya changarawe inahitaji mteremko wa kati ya asilimia 4 na 6 kutoka katikati kwenda kila upande. Kwa njia ya upana wa mita 4.5, mteremko wa asilimia 5 una maana kwamba katikati pawe juu ya ukingo kwa sentimita 11 hivi. Greda hulipata umbo hilo kwa kuinamisha bamba. Baketi ya kijiko kidogo haiinami upande. Iko sambamba na magurudumu, na magurudumu yanafuata ardhi. Kwa hiyo mgongo hautengenezwi kwa changarawe. Hutengenezwa kwanza kwenye udongo wa chini, kwa sururu, majembe na chepe au kwa baketi yenye meno, hadi kila nusu ya njia iwe na mteremko wake. Baada ya hapo mashine hupita nusu moja kisha nusu ya pili, ikiwa imelala kidogo kuelekea mtaroni, na tabaka la changarawe huchukua umbo lililo chini yake. Anayemwaga kifusi juu ya udongo uliolala tambarare akitarajia kuupata mgongo baadaye kwa baketi, atatumia kifusi kingi katikati, kidogo pembeni, na bado hataupata.

Vifaa vya kupimia ni vya bei nafuu. Vigingi hupigwa kila baada ya mita 10 katikati na kwenye kingo zote mbili, kamba hufungwa kwa kimo cha tabaka linalotakiwa, na ubao mrefu wenye pima maji huthibitisha mteremko. Ubao ukikatwa mshazari upande mmoja kwa kiwango cha asilimia 5, kazi ya kupima hubaki kuulaza barabarani na kutazama kama pima maji inakaa katikati. Mwalimu au mjumbe wa serikali ya kijiji anaweza kuifanya bila kuwa mhandisi, na inafaa aifanye mkandarasi akiwa bado yupo.

Hesabu ya kifusi nayo ifanywe mapema. Chukua kipande cha mita 100, upana wa mita 4.5, unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Hiyo ni mita za ujazo 67.5. Kifusi kilicholegea hupungua kikishindiliwa, hivyo huongezwa karibu asilimia 30, na jibu linakuwa mita za ujazo 88 hivi. Kwa tipa la mita za ujazo 10 ni tripu 9, na kila tripu inapaswa kumwagwa umbali wa mita 11 kutoka kwa nyingine. Umbali huo ukiwekewa alama kwa vigingi kabla ya tipa la kwanza kufika, nusu ya kazi ya kusambaza imekwisha. Usipowekwa alama, madereva watamwaga panapowafaa, na kijiko kidogo kitaanza kubeba changarawe kutoka kwenye rundo kwenda kwenye upungufu. Baketi yake huchukua theluthi hadi nusu ya mita ya ujazo tu. Tripu moja iliyomwagwa pasipostahili ni safari 20 hadi 30 za kwenda na kurudi, kila moja ikikanyaga na kuvuruga kilichokwisha kusawazishwa.

Baketi inayofaa kazi hii ina mdomo ulionyooka, usio na meno, na upana unaozidi kidogo upana wa nje wa matairi, ili mashine ifute alama zake yenyewe. Baketi ya meno ibaki kwa ajili ya kuchimba na kukwangua.

Kusambaza huanza kwa kulishusha rundo. Opereta huingia kwenye rundo kutoka upande ambao chini yake pameshasawazishwa, baketi ikiwa imelala juu ya ardhi, hujaza, hurudi nyuma kidogo, kisha huinua mikono ya mashine kwa kimo cha kutosha tu na kuifungua baketi polepole huku mashine ikitembea. Changarawe hutiririka na kuacha mkanda mwembamba badala ya rundo dogo jipya. Kasi ya kutembea na kasi ya kufungua baketi ndizo zinazoamua unene, na hapa ndipo mkono wa mzoefu hutofautiana na wa mwanafunzi. Mwanafunzi hufungua baketi yote mara moja, kisha hutumia dakika kumi kurekebisha.

Kilichobaki kwenye rundo husukumwa mbele. Baketi hushushwa hadi sentimita chache juu ya unene unaotakiwa, ikiwa imelala sambamba, na mashine huenda mbele taratibu ikipunguza kilele kwa awamu mbili au tatu. Kuinamisha mdomo chini ili kumaliza kwa mkupuo mmoja ni kosa, kwa sababu baketi itachimba, magurudumu ya nyuma yatapoteza uzito, na mawimbi yataanza. Pia changarawe haipendi kusukumwa mara nyingi. Kila inaposukumwa, mawe makubwa hubingirika mbele na pembeni, unga hubaki nyuma, na mchanganyiko uliochaguliwa kwa uangalifu machimboni hutengana. Njia bora ni kuinyunyizia maji kidogo kabla ya kuanza, kwani unga uliolowa huyashika mawe.

Kulainisha hufanywa kinyumenyume, na wengi hushangaa wakielezwa hivyo kwa mara ya kwanza. Mashine ikienda mbele, kilicho chini ya magurudumu ni uso ambao baketi imetoka kuupitia, na kosa lolote hujirudia. Ikirudi nyuma, magurudumu hutangulia na baketi hufuata, ikifuta alama za matairi na kuuacha uso safi. Opereta huinamisha baketi mbele kiasi, mdomo wake ukigusa changarawe kwa pembe, kisha huilegeza mikono ya mashine ili ielee: haidroliki haiisukumi chini wala kuizuia juu, na uzito wa mikono na baketi pekee ndio unaofanya kazi. Mashine nyingi zina mahali maalumu pa kuweka kanyagio au kishikio kwa ajili ya hali hiyo. Baketi ikielea hukwangua vilele, hubeba changarawe kidogo mbele ya mdomo wake, na kuidondosha penye mashimo. Kilicho juu huenda chini bila opereta kukichagua.

Kishawishi kikubwa ni kukandamiza. Opereta akiona kinundu hakiishi, huisukuma mikono chini kwa haidroliki hadi magurudumu ya mbele yanyanyuke. Wakati huo mashine imesimama juu ya mdomo wa baketi na magurudumu ya nyuma tu. Haina mwelekeo, inakata kwa kina kisichotabirika, na mdomo wa baketi unalika upesi. Baketi ikiwa imefunguliwa hadi mwisho na ikagonga jiwe lililofukiwa, mshtuko wote huingia kwenye mitungi ya haidroliki. Kinundu kigumu kikatwe kwenda mbele, kwa baketi iliyolazwa, kisha kulainisha kuendelee kinyumenyume. Kila mkanda upandie mkanda uliotangulia kwa theluthi ya upana wa baketi, maana kwenye ncha za baketi hubaki vijituta vya changarawe, na mkanda unaofuata ndio unaovichukua. Mzunguko wa mwisho unaweza kufanywa baketi ikiwa imelala kwa tumbo lake, ikielea, mashine ikirudi kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Kijituta cha mwisho kabisa, kile kinachobaki ukingoni mwa barabara, ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote na ndicho kinachoharibu zaidi. Kimo chake kinaweza kuwa sentimita tano tu. Lakini mvua ikinyesha, maji yanayoteremka kutoka kwenye mgongo hukutana nacho, hushindwa kuingia mtaroni, na huanza kutembea ukingoni kufuata barabara. Kwenye miteremko kama ile inayotoka vilimani kuja vijijini Masanze, maji hayo hukusanya kasi, na msimu mmoja unatosha kuchonga korongo. Kijituta hicho kiondolewe kwa chepe na reki, chote, kabla mashine haijaondoka. Mitaro ya pembeni nayo iwe na matoleo yanayoyapeleka maji porini kila baada ya umbali fulani, na midomo ya kalavati isafishwe changarawe iliyoangukia humo wakati wa kusambaza.

Tabaka lililolainishwa vizuri linapendeza macho, na hapo miradi mingi midogo huishia. Ni hasara. Changarawe iliyolegea imejaa hewa. Matairi ya kijiko kidogo huikandamiza kwa mistari tu, si sawasawa. Bila roli, gari la kwanza la mizigo litachora mifereji miwili, mvua itatuama humo, na kazi yote itaanza upya. Ndiyo sababu tabaka legevu huachwa juu kuliko kimo cha mwisho: sentimita 19 au 20 ili kupata 15. Roli dogo la kusukumwa kwa mkono halina nguvu ya kufika chini ya unene huo, kwa hiyo kazi igawanywe katika matabaka mawili ya sentimita 7 hadi 8, kila moja likishindiliwa peke yake. Roli huanza ukingoni na kusogea kuelekea katikati, kwa pande zote mbili, ili lisiusukume mgongo chini.

Unyevu ndio unaoamua kama kushindilia kutafanikiwa. Changarawe ifinywe kiganjani: ikibaki donge bila kuchuruzika maji na bila kumwagika vumbi, iko tayari. Kati ya Juni na Oktoba, kiangazi kinapokausha vijito, boza la maji linaweza kuwa gharama kubwa kuliko dizeli ya mashine. Wakati mzuri katika ukanda huu ni mara tu baada ya masika kwisha, ardhi ikiwa inabeba mashine na machimbo yakiwa bado na unyevu. Mipango ya bajeti mara nyingi huisukuma kazi hadi mwishoni mwa kiangazi, na changarawe kavu hushindiliwa kavu. Jambo hili lingestahili kubishaniwa kwenye vikao vya kata kwa nguvu ileile inayotumika kuomba tripu za kifusi.

Kuhusu usalama, hatari kubwa ya mashine hii inatokana na kazi yake bora: inarudi nyuma muda wote, na opereta haoni vizuri nyuma yake. Kijijini watoto huja kutazama. Eneo lizungushiwe kamba, awepo mtu mmoja asiye na kazi nyingine isipokuwa kuwazuia watu, na shuleni kazi ifanywe wakati wa likizo. Mzigo ubebwe chini, karibu na ardhi; baketi iliyojaa ikiinuliwa juu mashine ikiwa imelala ubavu kwenye mteremko, inaweza kupinduka. Ikipanda mlima na mzigo, upande mzito utazame juu. Hakuna anayepita chini ya mikono iliyoinuliwa, hata injini ikiwa imezimwa.

Si kila kijiji kitapata kijiko, na si kila kazi inakihitaji. Ujenzi wa barabara kwa nguvu kazi una historia ndefu nchini, na chuo cha serikali kilichoko Mbeya, kilichokuwa kikiitwa ATTI, kilijengeka juu ya fani hiyo: trekta na tela kubeba kifusi, watu kwa majembe na reki kukitandaza kwa kamba na vigingi, roli dogo kukishindilia. Kanuni zake hazitofautiani na za baketi hata moja. Fedha ya mradi hubaki mifukoni mwa wanakijiji, na watu waliojifunza kuuona mgongo wa barabara hubaki kijijini pia, jambo ambalo mashine ya kukodi haiwezi kulitoa.

Barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017 na ambao mtandao wake sasa unazidi kilomita 144,000. Unapata sehemu ya fedha za Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara hizo. Hata hivyo barabara ya changarawe hupoteza kati ya sentimita moja na tatu za unene kila mwaka kwa upepo, maji na magurudumu. Tabaka la sentimita 15 lisilotunzwa linaweza kwisha ndani ya miaka mitano hadi kumi na tano. Uwanja wa ghala la mazao, barabara fupi ya zahanati, kipande cha sokoni: haya ndiyo maeneo ambayo baketi ndogo inaweza kuyatunza kwa siku moja kabla ya kila masika, kwa kuivuta changarawe iliyokimbilia pembeni na kuirudisha katikati.

Matengenezo hayo yana sharti moja ambalo likisahauliwa hufuta faida yote. Changarawe mpya ya unene wa sentimita mbili au tatu ikimwagwa juu ya uso mgumu wa zamani haishiki. Hubanduka kwa vipande na kuwa vumbi. Kwanza uso wa zamani ulowanishwe na kukwanguliwa kwa baketi ya meno au sururu hadi sentimita tano hivi. Changarawe mpya huchanganywa na ile iliyofumuliwa, mteremko hupimwa tena kwa ubao, kisha baketi yenye mdomo ulionyooka hulainisha kinyumenyume na roli humalizia. Shimo hukatwa kingo ziwe wima, maji yaliyotuama hutolewa, hulowanishwa na kujazwa kwa matabaka yanayoshindiliwa moja moja, hadi uso wake uzidi kidogo ule unaolizunguka.